Injinia na Mafaili Mabovu ya Ghorofa ya Pili

Watu husema mjini hakuna kazi. Wasemao hivyo hawajawahi kukaa kwenye ngazi za jengo lenye ofisi nyingi, saa tatu asubuhi, wakatega sikio. Jamaa mmoja aliyejulikana kwa jina la Injinia alikaa hapo miaka sita na hakulala njaa hata siku moja.

Uinjinia wenyewe hakuusomea popote. Alinunua miwani isiyo na nguvu yoyote, akatafuta begi jeusi lenye mifuko kumi na mmoja, akachomeka kalamu tatu kifuani, na kazi iliyobaki wakaimaliza watu wenyewe kwa kumwamkia. "Shikamoo, Injinia." Naye akaitikia marahaba bila haya, hata kwa waliomzidi umri.

Elimu yake ya kompyuta ilikuwa na kurasa mbili tu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari mitatu ya kuharibu, na wa pili amri moja ya maneno mawili ya kutengeneza. Ndani ya kila kompyuta, ndugu msomaji, kuna mafaili ambayo mwenye mali hayaoni wala hana haja nayo, lakini ndiyo yanayoshikilia kila kitu kisimame. Moja likiharibika, programu hufunguka, ikapepesa macho, ikajifunga. Ukilifungua lile dirisha jeusi lenye maandishi meupe ukaandika amri ya maneno mawili, mashine hujikagua yenyewe, ikalitupa faili bovu na kuweka zima kutoka kwenye akiba yake. Kazi yote hufanywa na mashine. Binadamu hungoja dakika ishirini.

Lakini nani atamlipa mtu kwa kungoja? Kwa hiyo Injinia alizijaza dakika hizo kwa ibada. Aliomba feni izimwe na simu zitolewe nje. Aliweka sikio kwenye kasha la kompyuta akauliza, kwa sauti ya chini, "Ilianza lini kuchoka hivi?" Asilimia ikifika kumi alitikisa kichwa. Ikifika arobaini aliguna. Ikifika mia alijipangusa jasho, ambalo kwa kuwa feni ilizimwa halikukosekana, akatangaza idadi ya mafaili aliyoyaokoa, na kila faili lilikuwa na bei yake.

Ugonjwa nao aliupeleka mwenyewe. Leo angeingia ofisini kama mteja mwenye shida ndogo. "Dada, naomba kuchapisha barua moja tu, dakika mbili." Ndani ya dakika hizo mbili mistari mitatu ilishaandikwa. Mstari wa mwisho uliiambia kompyuta siku na saa ya kuugua. Kesho yake, saa hiyo ikifika, Injinia alikuwa kwenye ngazi na begi lake, akipita kwa bahati. Ulinzi wake ulikuwa mmoja: mgongo. Alikuwa na mgongo mpana kama mlango wa stoo, na alikaa mbele ya skrini kwa namna ambayo hata inzi asingesoma kilichoandikwa.

Asubuhi moja mwenye jengo alimwita ofisini kwake, chini kabisa, mkono wa kulia ukiingia. Mzee huyo wapangaji walimwita Kufuli, kwa sababu kodi ikichelewa siku mbili tu, mpangaji alikuta kufuli mlangoni. Alikuwa na mkono wa birika. Taa ya ofisini kwake iliwashwa kwa wageni, na ilitegemea mgeni mwenyewe ni nani. Injinia alipoingia haikuwashwa.

"Kaa," Kufuli akamwambia. "Wewe ndiye unayewaua halafu unawafufua."

"Mzee wangu, mimi ni mtu wa kuponya tu."

"Wiki hii wakala wa tiketi. Wiki jana daktari wa meno. Kabla yake yule mama wa vitambaa. Wote, siku moja kabla ya kuharibikiwa, ulikwenda kuchapisha barua kwao. Barua gani hiyo isiyokwisha? Unamwandikia nani?"

Injinia alilivuta begi lake karibu, akautazama mlango.

"Usiogope," Kufuli akasema. "Ningetaka kukupeleka polisi ningekuwa nimeshakupeleka. Nauli tu ndiyo imenizuia. Sikiliza. Unamjua Mama Taipu?"

Nani asiyemjua? Mama Taipu alikuwa na shule ya uchapaji ghorofa ya pili: chumba chenye madirisha manne, kompyuta kumi na mbili, na kitambaa kimoja cheusi juu ya kila kibodi, maana kwake ilikuwa mwiko mwanafunzi kutazama vidole vyake. Alikuwa amefundisha kazi hiyo miaka thelathini na minne, tangu enzi za mashine za chuma zilizokuwa zikivunja kucha.

"Mkataba wake niliurithi kwa marehemu baba yangu," Kufuli akaendelea, "aliyekuwa na moyo laini, Mungu amsamehe. Umeandikwa kwamba chumba ni chake, kwa kodi ile ile ya kale, madamu ni kituo cha mtihani kinachotambuliwa. Alhamisi ana mtihani. Mashine zikimzimikia mbele ya mkaguzi, kituo kinafutwa na mkataba unakufa wenyewe. Hapo mimi nitakuwa sijamfukuza mtu."

"Na mimi, mzee?"

"Chumba nitawapa wauza simu. Lakini kina kona ya nyuma, yenye mlango wake na dirisha lake. Hiyo yako. Mwaka mzima, bure." Neno hilo la mwisho lilimtoka kwa taabu, kama jino.

Miaka sita ofisi ya Injinia ilikuwa ngazi ya nne kutoka chini. Mvua ikinyesha alisogea hadi ya saba. Wateja walimtafuta kwa kumwita kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Mlango! Kibao juu ya mlango! Mtu abishe hodi, naye ndani amkawize kidogo kabla ya kusema karibu! Alikitaka kile chumba kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakujali kingetoka kwa nani.

Jumatatu alipanda ghorofa ya pili. Mama Taipu alikuwa amekaa nyuma ya darasa tupu akifuma sweta, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba."

"Mwenye jengo amenituma nizikague kompyuta zako kabla ya mtihani. Bure."

Sindano za kufumia zikasimama. "Nani amekutuma?"

"Mwenye jengo."

"Bure?"

"Bure kabisa, mama."

"Basi Mungu mkubwa," akasema Mama Taipu, na sindano zikaendelea. Angekuwa na akili timamu siku hiyo, Injinia angesema nusu bei. Katika miaka kumi na tisa ya upangaji wake, yule mama alikuwa hajawahi kupewa na Kufuli hata balbu.

"Ila kabla hujakagua zingine," akaongeza, "nitazamie hii namba nne. Programu ya mtihani inafunguka, halafu inajifunga. Tangu Ijumaa."

Hili lilikuwa gonjwa la kweli, la bahati, na Injinia alilipokea kwa furaha. Uponyaji mmoja wa halali hufungua milango mingi ya haramu. Alizima feni, akaketi, akautandaza mgongo wake mbele ya skrini, akadonoa maneno yake mawili kwa vidole viwili vya shahada. Kisha akaanza ibada. Alitega sikio, akaguna, akauliza kama mashine ilikuwa na usingizi mzuri. Mama Taipu alikuwa hatua tatu nyuma yake, macho nusu wazi, uzi ukipita vidoleni taratibu. Mama wa watu kasinzia, Injinia akawaza.

Baada ya dakika ishirini namba nne ilifungua programu ya mtihani na haikuifunga tena.

"Mikono yako ina baraka, mwanangu," Mama Taipu akasema.

"Ni kipaji tu, mama. Sasa zote nazipiga chanjo, ili siku ya mtihani zisikuaibishe."

Akazizungukia zote kumi na mbili, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kila moja aliidonolea ile mistari mitatu, na mwishoni tarehe ya Alhamisi na saa nne kamili asubuhi. Dozi kumi na mbili za sumu, na kila dozi iliambatana na mwenye mashine akimshukuru kwa nyuma. Injinia alihisi huruma kidogo alipofika namba tisa, lakini alipofika namba kumi aliiona ile kona yenye mlango na dirisha, huruma ikampita.

Alipomaliza, Mama Taipu alikuwa na karatasi mkononi. "Tuna sheria zetu, baba. Kila atakayekuwa chumbani siku ya mtihani lazima ajulikane. Nami Alhamisi nakutaka humu ndani, fundi wangu, nisitetereke. Andika namba ya kitambulisho hapa, na saini hapa. Ila soma kwanza."

"Mama, wewe si mtu wa kunidanganya."

"Soma tu. Mimi huwaambia watu wote wasome."

Lakini Injinia alikuwa ameshavikwa kilemba cha ukoka na kilimkaa vizuri. Fundi wa mtihani! Alitia saini ndefu yenye mkia, ile aliyokuwa akiifanyia mazoezi kwa ajili ya siku ya kuwa na ofisi.

Jumatano alishuka kwa Kufuli kutoa taarifa. Alimkuta mzee anachekacheka peke yake gizani.

"Kila kitu tayari?"

"Saa nne kamili, mzee. Zote kumi na mbili."

"Mimi nami sijalala. Nimeshaandaa notisi ya kumtoa. Yaani unajua nani kaichapa?" Kufuli akajipiga paja. "Yeye mwenyewe! Nilimwita nikamwambia, Mwalimu, nichapie notisi, kuna mpangaji mmoja ananisumbua, acha nafasi ya jina. Akakaa hapa hapa kwenye kompyuta yangu, akachapa yote. Bure! Kesho saa nne najaza jina, naitoa kwenye printa, napanda nayo juu wino haujakauka."

Wakacheka pamoja. Injinia aliona ni ukatili kidogo, lakini alikiri moyoni kwamba ni ukatili wenye ustadi.

Alhamisi saa tatu na nusu alipanda akiwa amevaa shati jipya. Wanafunzi walishaketi: mama mmoja aliyestaafu uuguzi, kinyozi mmoja wa makamo aliyechoka kupumua nywele za watu, na wengine tisa, wote wameshika mikono mapajani. Mbele alisimama mkaguzi wa mtihani, mtu mwembamba wa suti ya kijivu, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyerudia neno. Alipitisha kikapu akakusanya simu. Ya Injinia nayo ikaingia kikapuni.

"Kaa pale namba kumi na mbili, baba," Mama Taipu akamnong'oneza. "Uwe karibu na wagonjwa wako."

Injinia akaketi. Mlango ukafungwa. Mkaguzi akaanza kuita majina, na kila mmoja akaitika. Alipofika mwisho, alisoma majina matatu kamili ambayo Injinia hakuwa ameyasikia tangu siku aliyochukua kitambulisho.

"Nipo," akajibu kabla ya kufikiri.

"Watahiniwa kumi na wawili. Idadi imetimia," mkaguzi akasema, akatia alama.

"Samahani, mheshimiwa," Injinia akainuka nusu. "Mimi ni fundi."

Mkaguzi akainua karatasi. "Hii saini yako?"

Ilikuwa ndefu, ina mkia. Juu yake, kwa herufi kubwa ambazo mtoto wa darasa la pili angezisoma, palikuwa pameandikwa: Fomu ya Mtahiniwa wa Akiba. Msichana wa kumi na mbili alikuwa amejifungua wiki iliyopita, na kituo chenye watahiniwa kumi na mmoja hakina mtihani.

Injinia alihesabu haraka. "Basi nikitoka sasa hivi," akasema kwa matumaini, "watabaki kumi na mmoja?"

"Umeshaitika, umeshahesabiwa. Ukitoka, umefeli wewe. Kituo kiko palepale."

Injinia akaketi tena. Haidhuru, akajipa moyo. Saa ya ukutani ilionyesha bado dakika kumi na tano, na baada ya hapo mtihani wenyewe ungekuwa marehemu. Kitambaa cheusi kikashushwa juu ya mikono yake. Kengele ikalia. Vidole mia moja na kumi vikaanza kukimbia kwa pamoja, na viwili vya Injinia vikaanza kutafuta herufi ya kwanza gizani kama watu wawili waliopoteza ufunguo.

Barua ya kuchapa ilihusu usafirishaji wa mabati. Katika dakika kumi za mwanzo Injinia aliandika "Ndufu mwaeshimiwa" na herufi nyingine ambazo hazikuwa neno la lugha yoyote. Mkaguzi alikuja akasimama nyuma yake. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Injinia, aliyefanya watu wazima wamzimie feni, aliona aibu ya kweli, ile ya kushuka hadi miguuni.

Saa nne kamili. Injinia akaacha kuchapa, akasubiri.

Kinyozi akaendelea kuchapa. Muuguzi mstaafu akaendelea kuchapa. Hakuna skrini iliyopepesa. Saa nne na dakika moja. Mbili. Injinia akaitazama namba nne, akaitazama namba tisa aliyoionea huruma, zote zilikuwa nzima, zinameza herufi. Alijihisi kama mganga aliyesahau jina la pepo wake.

Saa nne na dakika sita mlango ulipigwa kwa ngumi.

"Injinia! Fungua! Najua umo humo!"

Mkaguzi alifungua kidogo. Kufuli akaupenyeza uso wote ndani, umevimba, jasho linamtoka.

"We mpumbavu! Nimekwambia uue za huyu mama, si yangu! Najaza jina kwenye notisi yake, programu inajifunga! Nafungua, inajifunga! Kumi na mbili nzima, yangu mimi mwenye jengo ndiyo imekufa! Hiyo ndiyo saa nne tuliyopatana?"

Ukipenda kumwaga mtama, usichague penye kuku wengi. Nyuma ya Kufuli, kwenye ngazi, walikuwa wameshafika wakala wa tiketi, mama wa vitambaa, na daktari wa meno aliyemwacha mgonjwa na mdomo wazi. Kelele za Kufuli ziliwatoa ofisini kwao, na maneno ya Kufuli yakawabakisha pale. Injinia aliziona nyuso zao zikihesabu: barua ya jana, ugonjwa wa leo, barua ya jana, ugonjwa wa leo.

"Nyamaza," mkaguzi akamwambia Kufuli. "Mtihani unaendelea. Subiri hapo nje, kisha uniambie hayo tena taratibu niyaandike."

Akafunga mlango. Zilibaki dakika ishirini na nne, na Injinia alizitumia zote akiwa ameikodolea macho herufi moja tu.

Kengele ya mwisho ilipolia, watu wa ngazini walikuwa wamejaa mlangoni. Daktari wa meno ndiye aliyekuwa mbele, na bado alikuwa ameshika koleo yake.

"Tupeni huyo," akasema.

"Msimguse," Mama Taipu akajibu, akisimama katikati ya mlango na sweta yake mkononi. "Huyu ni mtahiniwa wangu. Bila yeye leo nisingekuwa na kituo."

Injinia hakujua ashukuru au alie. Mkaguzi alitoa kalamu, akamgeukia Kufuli. "Haya, mzee. Ulisema kompyuta za kituo cha mtihani zifanywe nini?"

Rangi ilikuwa imeshamtoka Kufuli. "Mimi... nilikuwa nauliza tu. Mashine yangu inaumwa."

"Mheshimiwa," Mama Taipu akaingilia kwa upole, "labda tusikuchoshe. Mzee huyu na mimi tuna karatasi moja ya kumaliza. Nimeshaichapa. Chumba hiki ni cha shule, miaka kumi, kodi ile ile, mtihani uwepo usiwepo. Akiitia saini, mimi sina ugomvi."

Mkaguzi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Ripoti yangu inahusu chumba hiki," akasema mwishowe. "Nilichokiona humu ni watahiniwa kumi na wawili na mashine kumi na mbili nzima. Ila kituo hiki kikihama kabla ya miaka kumi, nitataka kuandika kwa nini."

Kufuli aliisoma karatasi mara mbili, midomo ikichezacheza. Alitafuta mwanya kwa jicho la mtu aliyeandika mianya mingi maishani mwake, asiuone. Akatia saini.

"Na kompyuta yangu?" akauliza kinyonge.

"Dakika ishirini tu," akasema Mama Taipu. "Kinyozi, shuka naye. Maneno mawili, kama nilivyowafundisha jana. Na feni usizime, kuna joto."

Katika msukumano ule Injinia aliteleza nje. Aliposhuka alipita mlango wa Kufuli na kumsikia kinyozi akichapa yale maneno mawili kwa vidole kumi, pu, pu, pu, kwa sekunde tatu tu. Kisha kinyozi akaegemea kiti akaanza kupiga mluzi akingoja. Hakutega sikio wala hakuguna. Injinia aliumia kama mtu aliyeibiwa.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Yale maneno mawili yalibandikwa ukutani katika kila ofisi, kando ya kila kompyuta, yamechapwa vizuri kwa herufi nene. Programu ya mtu ikijifunga, aliyaandika, akaenda kunywa chai, akarudi akakuta imepona. Siku tatu Injinia alikaa ngazi ya nne na begi lake, na hakuna aliyemwamkia. Daktari wa meno alipopita alimwonyesha koleo. Majibu ya mtihani yalikuja pia: maneno tisa kwa dakika, saba yakiwa na makosa.

Siku ya nne alipanda ghorofa ya pili. Alipiga hodi mlangoni, akasubiri. Mama Taipu alikawia kidogo kabla ya kusema karibu.

"Mama, nimekuja kuuliza jambo moja tu. Nani alikwambia?"

"Wewe."

"Mimi? Skrini niliifunga kwa mgongo!"

"Skrini uliifunga. Viwiko uliviweka wapi? Mtu wa vidole viwili, baba, huchapa kwa mabega. Herufi ya kushoto bega la kushoto linashuka, ya mbali kiwiko kinatoka nje, tarakimu mkono unapanda. Miaka thelathini na minne nimekaa nyuma ya watu kumi na wawili kwa mpigo, najua nani kakosea herufi kabla mwenyewe hajajua. Wewe ulikuwa peke yako. Tena polepole. Tena mara kumi na mbili! Ulipofika mashine ya tano nilikuwa nimeshaanza kukusahihisha kimoyomoyo."

"Na zile siku na saa?"

"Ulivyotoka tu, nikaichapa mistari yako upya kwenye kila mashine. Kompyuta ikaniuliza, hii mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani? Nikaiambia ndiyo. Nikaweka mwaka ambao mimi na wewe hatutakuwepo. Jumatano mzee aliponiita kumchapia notisi, na yake nikaichapia mistari hiyo hiyo. Tarehe yake sikuigusa. Niliiacha kama ulivyoiandika wewe."

Injinia alijiona mjinga, na kwa mtu wa fani yake hilo huuma kuliko kupigwa. Lakini akili ya mjanja haikai chini muda mrefu. Kama kosa lilikuwa vidole, basi si akili iliyokosea. Kulikuwa na majengo mengine, miji mingine, ofisi nyingi ambazo hakuna aliyebandika kitu ukutani. Kilichotakiwa ni mtu achape bila kusomeka.

"Mama," akauliza, kama anayeuliza hali ya hewa, "na mtu akichapa kwa vidole kumi?"

"Kwa vidole kumi bega halitikisiki kabisa. Ukikaa nyuma yake huoni kitu."

"Ada ni kiasi gani?"

Mama Taipu akaitaja. Ilikuwa karibu kila alichobakiza, lakini Injinia hakubembeleza ipunguzwe. Alilipa yote, akapewa stakabadhi, akaisoma safari hii neno kwa neno, akaona iko sawa. Kisha akaketi namba kumi na mbili, akashusha kitambaa cheusi juu ya mikono, akaweka vidole vinane kwenye mstari wa kati kama alivyoelekezwa, akaanza, herufi moja moja, kuwa mtu asiyesomeka.

Mama Taipu alirudi kwenye kiti chake cha nyuma. Alichomwambia kilikuwa kweli tupu, bega la mchapaji wa vidole kumi halitikisiki. Alichokinyamazia ni kwamba wachapaji wa namna hiyo yeye hakuwasoma kwa macho. Kila kitufe kina sauti yake, na kila kidole kina uzito wake. Akafumba macho, akaanza kusikiliza.